Mkono wa Nyanjige kwenye Mbegu za Watu

Watu wa Sapiwi walikuwa na namna mbili za kumtaja Nyanjige. Mbele ya mumewe walimwita Mama Kulwa, kwa sababu Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka, na Doto akafuata kabla jasho la mkunga halijakauka. Akigeuka mgongo walimwita yule aliyefunga mvua. Yeye alizisikia zote mbili. Mtu aliyetengwa husikia vizuri, maana hana wa kuzungumza naye akamchanganya masikio.

Hakuzaliwa mtu wa kukataa. Kwao ni Mwandoya, kwenye kaya ya mzee Mayala, mwenye ng'ombe wengi na mabinti wengi, ambaye shule aliijibu kwa swali moja tu: binti akienda kusoma, ng'ombe watachungwa na nani? Basi Nyanjige akakua bila kujua hata jina lake likoje kwenye karatasi. Alijua kuchunga, kupalilia pamba, kukausha majani ya kunde, na kupiga magoti mbele ya wakubwa hadi magoti yakawa magumu kama kisigino. Akaolewa na Luhende, akaletwa Sapiwi, akakaa miaka tumbo tupu. Mama mkwe wake, Milembe, hakumtukana. Alimpakulia tu chakula pungufu kidogo, siku zote pungufu kidogo, kama anayelisha mgeni ambaye haijulikani ataondoka lini. Nyanjige akajifunza kula akiwa ameinama.

Aliyemnyanyua uso kwa mara ya kwanza alikuwa Jenifer, mke wa Joakim. Joakim wakati huo alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba, na mzee wa kanisa lile dogo la bati lililo njia ya kwenda mtoni. Jenifer aliwafundisha wanawake wasiojua kusoma kwa kuwatamkisha maneno, tena na tena, mpaka yanakaa. Siku moja aliwafundisha kwamba anayepigwa kwa wizi au kwa umbea na aone aibu, ni haki yake. Lakini anayepigwa kwa sababu amebeba jina la Kristo, huyo asifunike uso. Wengine waliitikia wakapita. Nyanjige alirudi nalo nyumbani. Alikuwa amefunika uso maisha yake yote kwa makosa ambayo hakuyafanya, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna aibu ya haki na isiyo ya haki.

Akabatizwa kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Luhende hakuzuia. Alisema kanisa halili majani, haliwezi kumaliza malisho. Na mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza, Nyanjige akajifungua mapacha.

Usukumani mapacha, mabasa, si watoto tu. Kuja kwao kumefungua kitu, na hicho kitu lazima kifungwe kwa ngoma. Wachezaji wa mabasa wanaitwa, wanakuja na chungu cha maji ya dawa na matawi ya kunyunyizia. Wanawaimbia baba na mama matusi ya nguoni, wakwe wanasikia, wajukuu wanasikia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kisha mababu wanatajwa mmoja mmoja waje wawapokee watoto wao, na mama anayakanyaga maji yale njia panda akiwa amewabeba wote wawili. Ngoma isipochezwa, mvua inasusa, na inasusa kwa kijiji kizima.

Nyanjige aliijua ngoma hiyo tangu utotoni. Aliicheka pamoja na wenzake hadi mbavu zikauma. Matusi hayakumtisha, na hakuwadharau wachezaji. Kilichomshinda ni ule mstari wa mwisho, wa kuwaita mababu wawapokee watoto. Bwawani alikuwa ameulizwa mbele ya watu kama anajikabidhi yeye na uzao wake, akajibu ndiyo. Angewakabidhi mara ya pili kwa nani tena? Alimwambia Milembe hivyo akiwa amepiga magoti, macho chini kama mwizi.

"Mwanangu," Milembe akasema, "sisi wote tumechezewa na hatukufa. Wewe umekuwa nani?"

Hakujiona amekuwa mtu yeyote. Alijua tu kwamba amesema ndiyo bwawani.

Kijiji kilimvumilia kwa muda. Mvua ikanyesha vizuri hadi mtama ukafika magotini, kisha ikakatika, na jua likasimama juu ya Sapiwi kama mtu aliyekuja kudai. Mtama ukajikunja, pamba ikatoa vitumba viwili vitatu ikachoka. Hapo uvumilivu ukaisha. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitana kwenye uwanja wa ghala la ushirika, na kamanda wao, Shigela, akatangaza: mtu asimsalimie Nyanjige, asimpe moto, asichote maji naye, asilime naye. Luhende hakutengwa, kwa sababu yeye ngoma aliitaka. Aliruhusiwa kusalimiwa nje ya kaya yake. Akaanza kula kwa kaka yake, anarudi kulala, na kwa mkewe hakuwa na maneno zaidi ya kuulizia jembe liko wapi.

Wasiowahi kutengwa hudhani tatizo ni moto na maji. Moto mtu anaufukia kwenye majivu, unalala naye hadi asubuhi. Maji, kiangazi wanawake wanafukua visima kwenye mchanga wa mto. Cha kwake alikikuta kimejazwa mavi ya ng'ombe, akaenda mbali zaidi akafukua kingine. Hayo yanachosha mikono tu. Linaloua ni salamu. Msukuma hasalimii kwa neno moja akapita. Anasimama, anakuulizia wa kwenu, anakutaja kwa jina la ukoo wenu, unajibu, na wewe unamtaja kwa wao, na wote wawili mnaondoka mkijua mpo. Nyanjige mara nyingi alisahau. Alimwona mtu anakuja, mdomo ukafunguka wenyewe, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na yule akapita kana kwamba amepita mbele ya kichaka. Sauti yake ikabaki imening'inia njiani, na yeye akajiona kama aliyevuliwa nguo.

Basi akaanza kukwepa. Akaenda mtoni saa ya jua kali ambapo kila mtu yuko kivulini. Akazunguka nyuma ya mashamba. Akarudi kujifunika kanga hadi puani. Aibu ikamkaa mwilini, akatembea nayo mabegani kama mzigo wa kuni. Na juu ya aibu hiyo akaongeza nyingine. Si alifundishwa kwamba kwa jambo hili hakuna kufunika uso? Mbona yeye anafunika? Akajiambia huenda yeye si Mkristo wa kweli, maana Mkristo wa kweli asingekuwa anatamani hivi kuulizwa tu, umeamkaje.

Angalau kanisa lilikuwapo. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Lakini miaka hiyo mambo yalikuwa yamegeuka. Ushirika ulikuwa umekufa ukiwa umesimama. Ghala lilibaki na popo, dawa za pamba hazikuja tena kwa mkopo, na makampuni ya watu binafsi yakaanza kuingia na malori yao, kila moja na mizani yake. Joakim aliyekuwa karani wa chama akawa wakala wa kampuni moja. Hatua chache kutoka kwake akasimama wakala wa kampuni nyingine. Zamani mkulima alikuwa hana pa kwenda zaidi ya chama, apende asipende. Sasa mkulima akikununia, anahamisha kiroba upande wa pili wa barabara.

Joakim alimwita Nyanjige nyuma ya kanisa. Alizungumza kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Alisema wanamwombea sana. Alisema kwa sasa ingefaa asikae kwenye mabenchi, watu wa nje wanaangalia, afadhali akae pale ukutani chini ya dirisha, nje, Neno atalisikia vilevile. Na pamba yake, msimu ukifika, asije nayo mwenyewe. Ampe wifi yake Salu ailete kama ya kwake, isije ikaonekana inamwagwa kwenye lundo moja na ya wengine.

"Mpaka mambo yatulie," akamaliza.

Nyanjige akapiga magoti akamshukuru. Alikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi baadaye: kwamba alimshukuru.

Akakaa chini ya dirisha, watoto wakicheza mavumbini, ndani wakiimba. Waliomaliza ibada walitokea mlangoni na kuondoka upande wa pili. Jenifer alikuwa akitoka wa mwisho. Hakumsalimia, ila alikuwa akipunguza mwendo kidogo. Nyanjige aliishi kwa huo mwendo uliopunguzwa.

Msimu wa pili ukawa mbaya kama wa kwanza. Wa tatu ukachelewa hata kuanza. Mawingu yalikuja kila alasiri yakatazama Sapiwi yakaenda kunyesha kwa wengine. Ndipo habari ikaletwa kwamba mama yake Mwandoya ni mgonjwa, anamwita. Kulwa na Doto walikuwa wameanza kukimbia, na hangeweza kuwabeba wote wawili juu ya lori la mizigo. Milembe akasema, bila kuulizwa, awaache. Luhende akamtafutia nafasi kwenye lori, akamfungia hata michembe, viazi vikavu vya njiani. Nyanjige alipanda akiwa na furaha ya kijinga. Mumewe hakuwa amemfungia kitu tangu watoto wazaliwe.

Mama yake alipona. Nyanjige alikaa hadi alipomwona anatembea mwenyewe hadi zizini, kisha akageuza. Alipokuwa njiani mvua ikaanza, mvua kubwa, ya kuziba macho. Lori likakwama, wakasukuma, likakwama tena. Alishuka njia panda ya Sapiwi asubuhi, matope hadi magotini, dunia ikinuka udongo mpya.

Mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa bibi mmoja jirani, ambaye kisima chake cha mchangani kilikuwa karibu na kile kilichojazwa mavi. Nyanjige akashuka kando ya njia ili ampishe, kama alivyozoea. Bibi akasimama.

"Mwangaluka, mayu," akasema. Na hakuishia hapo. Akamuulizia mama wa Mwandoya, akamtaja Mayala na ukoo wake wote, akasema pole ya njia, pole ya matope.

Nyanjige alijibu. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu bibi alikuwa ameshamnyooshea bakuli la mbegu za mtama. Mkono wake ukaingia ndani ya bakuli hadi kwenye kifundo, ukazigeuza mbegu, ukatoka. Bibi akashukuru akaenda zake shambani.

Ni pale alipobaki peke yake ndipo akili ilipomfikia. Alijua maana ya bakuli lile. Kila mwanamke wa Sapiwi alijua. Ngoma ya mabasa ikishachezwa na mvua ikanyesha, wanawake humpelekea mama wa mapacha mbegu zao, azitie mkono kabla hazijaingia ardhini. Hakuna anayempelekea mama ambaye hakuchezewa.

Aliwakuta Kulwa na Doto uani, wamenyolewa, shanga nyeupe shingoni. Milembe alikuwa akiwapa uji. Salu, wifi yake, alikuwa amejifunga kanga ya Nyanjige, ile aliyoitunza sandukuni kwa ajili ya Jumapili, na pindo lake lilikuwa na doa la dawa.

Hawakumficha. Walimweleza kwa furaha, wakimkatiza na kukatizana. Mama akiwa mgonjwa au safarini, wifi anaruhusiwa kusimama badala yake, mradi amejifunga nguo ambayo mama mwenyewe ameitoa kwa mkono wake. Nguo ikitolewa, mama amekubali. Luhende alilifungua sanduku, akaipeleka kanga kwa Shigela mbele ya watu, akasema mke wangu ameridhika, ila anaona haya kwa ajili ya kanisa lake, kanga yake hii hapa. Wachezaji wakatolewa Ipililo. Wakaimba hadi Milembe akakimbilia jikoni kwa matusi. Na maji yalipokanyagwa, hata hawajakusanya ngoma zao, wingu likapasuka.

"Nimekuondolea aibu," Luhende akamwambia alipoingia kutoka shambani. Alikuwa akitabasamu. "Huna la kufanya, wala la kusema. Kaa tu."

Naye akakaa. Asidhaniwe kwamba alisimama pale pale akapaza sauti. Alikaa, na wanawake wakaja. Walikuja na mabakuli, na vibuyu, na mbegu za pamba zilizofungwa kwenye vitambaa. Kila mmoja alimsalimia kwa salamu ndefu. Walikaa wakanyoosha miguu, wakamsimulia nani kaolewa na nani kafa katika muda wote ule ambao hakuwa mtu. Mmoja akamtania kwamba amenenepa kwa kula peke yake. Nyanjige akacheka, akashangaa kusikia kicheko chake kikoje. Na akatia mkono katika kila bakuli. Alijua anachofanya. Na kila mara salamu nyingine iliposikika mlangoni, alifuta kiganja kwenye nguo na kukimbia kufungua.

Aibu ya kutengwa ilikuwa imeondoka mabegani kweli. Iliyokuja ilikuwa ya aina nyingine, na hii hakuweza kusema ni ya watu. Ilikuwa yake.

Jumapili Joakim alimpokea mlangoni. Alimshika mkono, akampeleka hadi benchi la mbele, na kwenye maombi akamshukuru Mungu aliyeleta upatanisho kati ya dada yetu na majirani zake. Watu wakasema amina. Kila mmoja mle ndani alijua upatanisho huo umeletwa na chungu gani. Nyanjige alikaa akitazama mikono yake mapajani. Kwa miaka ile yote chini ya dirisha alitamani benchi hili, na sasa mbao zake zilimchoma.

Ibada ilipokwisha, Jenifer akamvuta upande wa nyuma, palepale Joakim alipowahi kumwita. Akatazama huku na huku. Akaifunua kanga yake, na chini yake palikuwa na bakuli.

Nyanjige hakuelewa mara moja. Au alielewa, akakataa kuelewa.

"Tia tu, mdogo wangu," Jenifer akanong'ona. "Ni mtama kidogo. Mwaka jana hatukupata kitu."

"Dada Jenifer, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua. Lakini Mungu anaangalia moyo."

"Na mkono anauangalia nani?"

Jenifer alibaki ameshika bakuli, uso umemwiva. Nyanjige alimwonea huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko kitu chochote, kwa maana aliona kwamba sasa wote wako ndani ya jambo moja, walioko ndani ya kanisa na walioko nje, kila mmoja ameficha bakuli lake chini ya kanga. Wa kusema ukweli hakubaki mtu. Alikuwa amebaki yeye tu, mwanamke asiyejua kusoma, na hata yeye mkono wake ulikuwa na vumbi la mbegu.

Alijua kitakachomgharimu. Angesema kwamba kanga hakuitoa, Luhende angeonekana mwongo mbele ya sungusungu, na uongo kwa sungusungu hulipwa kwa ng'ombe. Yeye mwenyewe angerudi kuwa kichaka cha njiani, na safari hii hata mume asingekuwa na sababu ya kumwonea imani. Na hakuna aliyekuwa akimlazimisha. Kukaa kimya kungetosha.

Alasiri ile sungusungu walikuwa na mkutano mbele ya ghala, upinde mkononi, wanaume kwenye mawe, wanawake chini upande mmoja. Luhende alikuwapo, na Salu, na Joakim aliyekaa kwenye kiti kwa sababu ni wakala. Nyanjige akaingia katikati akapiga magoti.

Kukatokea minong'ono ya furaha. Kijana mmoja akasema mama wa mabasa amekuja kudai kuku wake wa shukrani. Watu wakacheka, kwa wema.

"Mama Kulwa," Shigela akasema, "umekuja kutushukuru?"

Alihisi macho yote kwenye kisogo chake, na uso ulimwaka hadi masikioni. Mkono ukapanda wenyewe kutafuta pindo la kanga, ajifunike kama alivyozoea. Akaurudisha chini akaushikilia kwa mwingine.

"Kanga sikuitoa mimi," akasema. "Nilikuwa Mwandoya. Sikukubali ngoma, na hata leo sijakubali. Mimi ni wa Kristo, na watoto niliowazaa nilishawakabidhi kwake. Lakini mbegu zenu nimezitia mkono nikijua. Niliwatamani mnisalimie. Hilo ni kosa langu, naomba mnisamehe. La ngoma sina msamaha wa kuomba."

Hakuna aliyecheka tena. Shigela aliuliza polepole ni nani basi aliyelifungua sanduku. Nyanjige asingemtaja mumewe kwa mdomo wake, hata kama kila mtu alikuwa ameshamtazama. Luhende alisimama mwenyewe. Alisema ni yeye, kisha akakaa chini, na hakumwangalia mkewe.

Akatozwa dume la ng'ombe hapohapo. Wanawake walianza kuinuka, mmoja mmoja, kwenda kuangalia kama mbegu zao bado ziko kwenye mabakuli au zimeshaingia ardhini. Aliyekuwa ameshapanda alilia. Aliyekuwa hajapanda alitema mate. Yule bibi jirani alipita karibu naye kabisa na hakutema wala kusema. Jenifer alikuwa amekwishaondoka. Joakim alikaa kwenye kiti chake akitazama viatu, halafu akamwambia mtu wa pembeni yake, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba kanisa halikumtuma mtu kuja kuvuruga mkutano.

"Huyu hana haya kabisa," mwanamke mmoja akasema.

Nyanjige alibaki amepiga magoti hadi uwanja ulipokuwa karibu mtupu, si kwa ushujaa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alipoinuka alianguka, akainuka tena, akatembea kurudi nyumbani kwa njia kubwa, mbele ya kaya za watu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa fupi na hakuwa na nguvu ya kuzunguka.

Mvua ile iliendelea kunyesha. Ilinyesha kwa waliotia mbegu mkono na kwa wasiotia, ikaharibu mtama wa bondeni na kubariki wa mlimani, na kila mtu akaielezea alivyotaka. Hakuna aliyekuja kumwambia Nyanjige kwamba huenda walimkosea. Watu hawaji kwa habari kama hizo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile alizikata shanga za watoto kwa kisu cha jikoni, Milembe akimtazama bila kuzuia. Akasonga ugali. Luhende alirudi baada ya kulipeleka dume lake. Lilikuwa dume jeusi alilolilea tangu ndama, na miguu ya Luhende bado ilikuwa na matope ya uwanja wa ghala. Hakwenda kula kwa kaka yake. Huenda kaka yake naye alikuwa amemfungia mlango. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kumpiga na haoni.

"Wewe huna haya," akasema mwishowe.

Nyanjige alikuwa akimnawisha Doto mikono. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka kusema ukweli mtupu na hakuwa na uhakika wa ukweli wenyewe. Bado uso ulikuwa unamwaka. Bado aliwaona wanawake wakitema mate, na dume jeusi likivutwa kwa kamba.

"Ninayo," akasema. "Nina haya kwa ng'ombe wako, na kwa mbegu za watu. Nina haya kwa namna nilivyokimbilia kila salamu. Ninayo nyingi hata sijui nitaiweka wapi."

Akamkausha Doto mikono kwa pindo la kanga.

"Lakini kwa hilo jingine," akasema, "sina."

Akamsogezea ugali. Luhende aliutazama, akasonya, kisha akanawa. Wote wanne wakala kutoka sahani moja, Kulwa akimwagia baba yake mchuzi mapajani.